Kifua chini ya ngoma

Ile ngoma Adolphine aliinunua kwa soko ya Kadutu, kwa mutu mwenye kuuza vyombo vya fanfare, bendi ya tarumbeta, vya zamani katikati ya masufuria na viatu vya mutumba. Ilikuwa caisse claire ya bei ya chini kabisa, ile ngoma fupi yenye nyaya tumboni, inayolia kama kitambaa kinachopasuka. Lakini hii haikupasua kitu. Ngozi ya chini ilikuwa na tundu, na nyaya zilikatika, zikabakia mikia tu.

Siku ya repetisyo, mazoezi ya kwaya, Venant, mukubwa wa wapigaji ngoma, aliigonga na kidole kimoja.

« Maman Adolphine, umetuletea kopo ya maziwa? »

Waimbaji wakacheka. Mama mukwe wa Adolphine, maman Cibalonza, mwenye kuimba mustari wa mbele, alicheka kuliko wote.

« Iko ngoma, papa Venant. Nitaitengeneza. »

« Tengeneza. Jumamosi nitaisikiliza. Kama ingali kopo, utarudi kuimba na wamama wenzako, na shemeji yangu atakaa kwa hicho kiti. Askofu hatakuja kuwapa watoto konfirmasyo, kipaimara, hapa Nyalukemba akute tunapiga sahani. »

Adolphine akaibeba ngoma yake. Tangu bwana yake Aloys afe, kile kiti cha ngoma kilikuwa fasi moja tu ambapo hakuna mutu alimwambia sogea. Kwa nyumba, maman Cibalonza alimwambia sogea asubuhi mbele ya mbabula ya makaa, sogea kwenye maji, sogea unanifungia mwangaza.

Basi akaanza kazi. Kwa fundi wa pikipiki aliomba kamba ya freni iliyokatika, akaifungua pole pole mupaka nyuzi zake zote zikaachana, akazinyoosha, akazikata sawasawa. Fundi wa televisheni akamuunganishia ncha zake kwa vipande viwili vya bati. Chini ya ngozi ya juu akabandika kipande cha kitambaa cha kikwembe, ili mulio usizungukezunguke.

Ikabakia ngozi ya chini. Hiyo inapaswa kuwa nyembamba sana, kama sivyo nyaya hazisikii kitu. Akakumbuka zile picha za kifua, za plastiki, wanazopiga kwa hospitali. Wakati Aloys alikuwa anakohoa, kule hospitali ya Katana waliwapiga picha wote watatu, yeye, bwana yake na mama mukwe, na zote zilikaa ndani ya bahasha moja juu ya kabati. Ya Adolphine ilikuwa ya mbele siku zote. Umeme ulikuwa umekatika, jina halikusomeka. Akavuta ya mbele, akaikata mviringo, akaigundisha kwa pete ya ngoma, akakaza visikuru, skrubu zake ndogo.

Kitu kimoja hakukijua. Siku ambazo hamu ya mutoto wake ilimushika, maman Cibalonza alikuwa anatoa picha ya Aloys, anaisimamisha mbele ya dirisha, anaiangalia, kisha anairudisha mbele ya zingine.

Jumamosi ngoma ililia. Ililia kavu, safi, mupaka wale waliocheka wakageuza shingo. Venant alikunja uso. Akainyakua, akaigeuza, akaiinua kwa dirisha.

Mbavu zikaonekana, nyeupe, na nyaya za freni zimepita katikati. Juu, karibu na pete, kulikuwa maandishi madogo. Venant akayasoma kwa sauti kubwa, kama mwenye kusoma tangazo la ndoa:

« Aloys. » Akamwangalia Adolphine. « Wajane wengine wanawekea bwana yao misa. Wewe unamupiga fimbo ndani ya kanisa. »

Safari hii hakuna aliyecheka. Adolphine akamugeukia mama mukwe.

« Nilifikiri ni yangu, maman. Haki ya Mungu, nilifikiri ni yangu. »

Maman Cibalonza alitoka kwa mustari. Alimupita muke wa mutoto wake kama anapita kiti, akasimama mbele ya Venant.

« Teremusha kifua cha mutoto wangu. »

« Maman, mimi nilikuwa naonyesha tu… »

« Nani alikuomba uonyeshe? Alikufa, mupaka leo watu wanamwinua juu kama nyama ya buchari? Teremusha. »

Venant aliiteremusha. Mama akaigusa pembeni na kidole, kisha akamugeukia Adolphine, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo.

« Piga. »

« Maman… »

« Piga, nimesema. Mwisho wake pumzi ilimukatalia. Acha nisikie kifua chake. »

Adolphine akapiga. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

« Siku ya konfirmasyo atapiga hii, » alimwambia Venant. « Shemeji yako aende kuimba na wamama. Na wewe Adolphine, misa ikiisha utaitoa hiyo picha, unirudishie. Tukiwa njiani usinisemeshe. »

Ikawa hivyo. Misa ilipoisha Adolphine alifungua visikuru, akabandua ile picha, na mahali pake akaweka ya kwake. Kiti kilibakia chake. Venant hakumusalimia tena.

Maman Cibalonza aliipokea picha ya Aloys mulangoni. Akaisimamisha kwenye mwangaza, akaipanguza na ncha ya kikwembe chake, muda murefu. Nyaya zilikuwa zimeacha mistari juu ya mbavu.

« Umemukwaruza, » alisema. « Sogea, unanifungia mwangaza. »