Kuta Nne za Fundi wa Vitasa

Fundi wa vitasa alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano tangu aache kuamini, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini. Watu walikuwa na majibu yao tayari. Mama mwenye nyumba alisema aliachwa na mchumba. Jirani wa chumba cha pili alisema ni vitabu, alisoma kupita kiasi. Wengine waliapa kwamba alimkasirikia Mungu, na siku atakayokasirikiwa yeye ndipo atakapojua. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi na hauna utamu wa kusimulia: mwanamke alikaa, akafikiri, akaona haamini, akaendelea kuchonga funguo.

Mwanzoni jambo hilo lilimharibia kazi. Nani mwenye akili timamu atamkabidhi ufunguo wa nyumba yake fundi asiyeogopa moto wa milele? Wateja walikipita kibanda chake wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, ambaye vitasa vyake vilifunguka kwa mpini wa kijiko. Dada yake aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Waliishi pamoja, wawili hao, katika vyumba viwili mwishoni mwa korido ndefu ya wapangaji. Dada alikuwa mtu wa sala na hakuficha. "Nimekutaja tena leo," alikuwa akisema kila akitoka chumbani kwake asubuhi. "Asante," Fundi alikuwa akimjibu, na chai ikaendelea kunywewa. Hawakugombana juu ya hilo hata siku moja.

Kisha mzee wa chumba cha sita, mpaka rangi, akafia ndani akiwa amejifungia. Alizikwa, na baada ya maziko hakupatikana mtu wa kuingia mle. Mama mwenye nyumba akamfuata Fundi kibandani.

"Wewe si huamini chochote? Basi huna cha kuogopa."

Fundi aliogopa mambo chungu nzima: mbwa, daktari wa meno, simu zinazolia kabla hakujapambazuka. Lakini alichukua mkoba wake akaenda. Alikifungua kitasa, akaingia, akakuta giza, maana mzee alikuwa amepigilia ubao dirishani. Swichi haikuwa mlangoni. Akapapasa ukuta wa kwanza kwa kiganja, hamna. Akapapasa wa pili na wa tatu. Aliikuta kwenye ukuta wa nne, nyuma ya kabati, na ilikuwa mbovu. Akaung'oa ubao, akafungua dirisha, akageuka kuwatazama wapangaji waliojazana mlangoni wakiwa wamemeza ndimi. "Ni chumba tu," akawaambia, awaondolee wasiwasi.

Wiki iliyofuata aliitwa nyumba nyingine kwa shida ileile, chumba cha marehemu. Huko swichi ilikuwa mahali pake. Aliwasha taa, akatazama, akatoka. Watu hawakusogea.

"Na kuta?" akauliza mama mmoja.

"Kuta zimefanya nini?"

"Hujazigusa."

Fundi alicheka, na hakuna aliyecheka naye. Alikuwa na mteja anamsubiri. Akarudi ndani, akagusa ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, akafungua dirisha, akasema ni chumba tu. Wakaingia wakiwa wepesi kama watu waliotuliwa mizigo. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lilikuwa lake peke yake.

Baada ya miaka miwili kibanda chake kilikuwa hakitamaniki. Watu walileta funguo za marehemu wao wakazitundika kwenye misumari yake bila kusema neno. Bibi mmoja aliomba unga wa chuma unaodondoka chini ya jiliwa, kile chuma cha kubania funguo, akanyunyize mlangoni pake. Fundi akienda kwenye chumba bila ile aproni yake ya ngozi walimrudisha akaivae. Walijipanga koridoni, wanaume huku, wanawake kule, na hakuna aliyewapanga. Akisema maneno yake waliitikia kwa sauti moja, polepole, wakiwa wameinamisha vichwa: ni chumba tu. Nywele zilimsisimka kila mara. Na tuseme kweli, kuna siku alilipenda lile itikio.

"Mimi nilikwambia," alisema Mwalimu, mstaafu wa chumba kilichopakana na chao, aliyependa ubishi kuliko chakula. "Kutoamini nako ni dini. Tazama. Una ibada, una vazi, una waumini."

"Mwalimu, mlango usio na kitasa, utaniambia una kitasa cha aina gani?"

Mwalimu alicheka sana, akampa mkono. Kesho yake asubuhi Fundi alimwona akipapasa kuta za bafu, zote nne, kabla ya kuingiza ndoo yake.

Kisha dada yake akafariki. Ilikuwa mchana, akiwa amekaa kitandani, moyo ukasimama tu. Makaburini Fundi alilia mpaka akashikwa mikono asianguke, na nyuma yake akasikia mtu ananong'ona, "Kumbe nao hulia." Aliporudi alikifunga chumba cha dada kwa kitasa bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, akauvaa ufunguo shingoni, na hakuingia tena.

Wapangaji wakaanza kungoja. Hawakumwuliza kitu. Walimtazama tu akipita, kisha wakautazama mlango ule. Siku ya nne, asubuhi, Fundi alisikia viganja vikipapasa upande wa pili wa ukuta, taratibu, vikizunguka. Akadhani ni mtu anayefuta vumbi. Halafu vikasikika chumba cha mbele yake, na kingine, vikifuatana kutoka mwisho wa korido hadi mwanzo, na kila vilipokoma sauti ilisema maneno yake yeye. Wakawa hivyo kila asubuhi. Ilipofika wiki ya pili alirudi kutoka kibandani, akaweka mkoba chini, na akajikuta amesimama kwenye ukuta wa nne wa chumba chake mwenyewe, kiganja kimebandikwa. Zile kuta tatu za kwanza hakuzikumbuka. Alikaa chini, akaishika mikono yake kama mali ya mtu mwingine.

Ndipo binti wa dada alipokuja. Alikuwa amepata kazi katika maabara ya zahanati iliyo karibu, aanze Jumatatu. Usiku wa kwanza na wa pili alilala kwenye kiti cha mama yake mdogo, magoti yamegusa kidevu.

"Mama mdogo, nitakaa chumba cha mama," alisema Jumamosi asubuhi. "Lakini kwanza kifanyie kile kitu chako."

"Hakuna kitu changu, mwanangu. Nilikuwa natafuta swichi."

"Umeshaniambia. Kifanyie tu. Wananiambia wanamsikia mle ndani."

"Wanasikia kabati. Mbao zinalia kukiwa na joto."

"Basi ingia wewe, hata bila maneno. Mbona huingii?"

Fundi aliushika ufunguo shingoni. Binti akasema bila hasira kwamba kiti kimemshinda, na kama chumba hakifunguliki leo atapanda gari la saa kumi aende kwa baba yake mkubwa, kazi ataitafuta hukohuko. Baba mkubwa alikaa mbali, safari ya siku mbili. Fundi alimtazama, akaona pua ya dada, akaona namna ya dada ya kukunja khanga. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Akiondoka huyu, imekwisha.

"Saa tisa," akasema. "Nitafungua saa tisa."

Saa tisa alitoka na aproni yake, na korido ilikuwa imejaa. Hakuwa amemwambia mtu. Walikuwepo wapangaji wote na watu wa mitaa mingine ambao vyumba vyao aliwahi kuvifungua, mistari miwili, wamebana migongo ukutani, kimya kama maji ya mtungini. Walikuwa wamevua viatu. Mwishoni mwa mstari wa wanawake alisimama binti, begi mkononi, naye amevua vyake.

Fundi alipiga moyo konde, akakizungusha kitasa, akaingia. Harufu ya dada ikampokea, sabuni na mafuta ya kupaka, haijapungua hata kidogo. Godoro lilikuwa na shimo pale alipokuwa akikaa. Miwani yake ilikuwa juu ya mto, mikono ya miwani imefunuliwa, kana kwamba aliivua mara moja tu afikiche macho.

Mkono wa Fundi ukainuka wenyewe kuelekea ukutani. Nyuma yake alisikia watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja, tayari kuitikia. Akaelewa kilichokuwa kinatendeka. Dini ilikuwepo pale, Mwalimu hakukosea, ila walikuwa wameijenga wao, na badala ya kuiweka juu ya mwamba waliiweka juu ya mgongo wake. Na kila aliyepitishwa katika dini ile alifutika. Alijaribu kulikumbuka jina la mpaka rangi wa chumba cha sita, mtu waliyesalimiana miaka saba, likakataa kuja.

Akaushusha mkono.

"Ni chumba tu," mtu akamkumbusha kwa upole kutoka koridoni.

Mwingine akayasema, kisha wawili, kisha wote, na viganja vikaanza kupapasa kuta za korido, huku na huku, kwa pamoja, chokaa ikidondoka. Alihisi midomo yake mwenyewe ikianza kuyatengeneza yale maneno. Akaiuma. Akageuka mlangoni.

"Hiki si chumba tu," akasema.

Viganja vikasimama. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Walianza kurudi nyuma hatua kwa hatua, nyuso zikimwelekea yeye, maana hakuna aliyethubutu kumpa mgongo. Mwalimu alikuwa amekuwa wa kijivu. "Ameona," alisema. "Yeye asiyeamini ameona." Wageni wakaishia barazani. Milango ya wapangaji ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na vitasa vikalia, vyote kazi ya mikono yake; alikitambua kila kimoja kwa mlio wake.

Akabaki binti peke yake kule mwisho, begi kifuani, kisigino chake kimeshagusa mlango wa nje.

"Umeona nini, mama mdogo?"

"Nimeona miwani ya mama yako."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mbona umesema vile?"

"Kwa sababu namtaka," Fundi alisema, na sauti ikamkatika, akangoja irudi. "Sidhani yuko popote, mwanangu. Nimelifikiria kwa akili yangu yote na bado sidhani. Lakini namtaka, na ningezigusa hizi kuta mbele yao ningekuwa nimemfuta kama nilivyowafuta wale wengine. Wewe unaogopa. Hata mimi naogopa. Naogopa kuliko hao wote waliojifungia. Ukitaka kwenda nitakusindikiza mpaka kituoni, sitakulaumu. Ila nisingependa uende."

Binti alitazama nje, alikopaswa kwenda. Kisha akaja, polepole, akipita katikati ya milango iliyofungwa, viatu vimening'inia vidoleni. Alipofika mlangoni aliingia bila kugusa kitu. Nyuma ya ukuta, chumbani kwa Mwalimu, viganja vilikuwa vimeanza tena kuzunguka, haraka kuliko asubuhi, na wote wawili wakavisikia.

Binti alisimama kando ya kitanda akilitazama lile shimo.

"Alikuwa analala upande gani?"

"Wa ukutani."

Binti akakaa upande mwingine, pembeni kabisa, akijihadhari godoro lisije likasogea.

"Basi mimi nitalala huku," akasema, akaanza kufungua begi.