Nyanya za Shangazi

Nilipolishika shina la mnyanya, liling'oka lote mkononi mwangu bila ubishi. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Nikashika la pili. Vilevile. Ghorofani, Shangazi alikuwa analazwa kitandani kwake. Hospitali walikuwa wametuambia tumrudishe nyumbani, dawa hazina kazi tena.

"Nisogezeni dirishani," nilimsikia. "Nataka nyanya moja tu, ya mkono wangu."

Bustani ilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimetoka chuo, sina kazi, kichwa kimejaa mipango. Jengo letu halikuwa na salamu tangu ugomvi wa bomba la maji, nami niliamini kwa moyo wote kwamba watu wakishika jembe watashika na mazungumzo. Tukagawana ua wa nyuma, kila mlango tuta lake. Kila mmoja akazungushia lake vijiti, akawa anashuka saa ambayo mwenzake hayupo. Shangazi peke yake, kwa kuwa aliwashonea wote nguo, aliongea na kila mtu. Alipolazwa, nyanya zake zilikuwa zimeanza kupata wekundu. Nilishinda hospitalini, nikamwomba kinyozi wa chini anisaidie kumwagilia.

Sasa kinyozi alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Kila asubuhi nimemwagilia. Haki ya Mungu."

"Asubuhi?" Mwalimu mstaafu alitoa kichwa mlangoni. "Alfajiri nilikuwa nimeshamwagilia mimi! Nani alikutuma?"

"Wewe nani alikutuma?"

"Ndoo mbili kila jioni," alisema Mama Pacha, sauti ikimkatika. "Nilidhani nyie wenye roho ngumu mtaliacha tuta lake likauke."

"Si ungesema, dada!" alisema kinyozi.

"Nikwambie wewe? Tangu lini tunaongea?"

Nikawaacha wakirushiana maneno, milango mingine ikifunguka, nikapanda ngazi mikono mitupu. Shangazi alinitazama viganja.

"Zimekufa?"

"Zimeoza. Zote, Shangazi."

Akageuza uso ukutani. Sijawahi kuona bega dogo namna ile. Mimi niliyekuwa na matumaini tele nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nani kaziua?"

"Wote. Kila mmoja alimwagilia kwa siri, akidhani wengine hawajali."

Akanigeukia. Kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kumwachia. Nilimfuta midomo. Alitutoka kabla wiki ile haijaisha, na hakuonja nyanya yoyote.

Lakini siku ile, chini walikuwa wamepandisha sauti. Nikanyoosha mkono nifunge dirisha apumzike.

"Acha," alisema. "Huyo ni Mwalimu?"

"Ni yeye. Anamfokea kinyozi."

"Na kinyozi anamjibu?"

"Anamjibu."

Akafumba macho, akasikiliza.