Ukuta wa Pauni Moja

Kwa miaka mitatu, kila sinia la sambusa lililoingia ukumbi wa Wazanzibari wa mtaa wa Bordesley Green, huku ughaibuni, lilitozwa pauni moja. Pesa za ukuta, alisema mwenyekiti, Mzee Idarous, maana wahuni walikuwa wakivunja vioo. Mize, mchuuzi wa sambusa, akalipa. Vidole vimebabuka kwa mafuta, lakini alilipa na hakuguna.

Ukuta ukasimama, na lango la chuma. Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani ya 2006, Mize na bintiye Asmahan walifika na masufuria ya futari, ile ambayo wachuuzi wa ukumbini huwapikia bure waliofunga kila mwaka. Lango limefungwa. Tangazo limebandikwa: wachuuzi mwisho nje ya lango.

Idarous akaja langoni kwa ndani, ufunguo mkononi. "Bi Mize, biashara sasa ni huko nje, ukumbi upate heshima. Futari tupitishie tu, magharibi imekaribia."

Mize alihisi masikio yanawaka. Heshima! Matofali yale aliyakaanga yeye, moja moja.

Asmahan, aliyekuwa akisoma historia chuoni, alicheka bila furaha. "Mama, haya ndiyo ninayoandika. Zamani katika nchi hii mfalme alikuwa anawapa wakubwa wa mji barua: tozeni bidhaa zinazoingia, mjenge ukuta. Mchuuzi analipa, halafu jioni anafungiwa nje. Lakini barua ilisema miaka mingapi, na kila bidhaa kiasi gani."

"Na barua yako, Mzee Idarous," Mize akauliza, "kakupa mfalme gani?"

Adhana ikalia ndani.

Hasira hasara, wanasema. Basi Mize alikuwa tayari kuipata hasara hiyo. Lakini kumnyima futari aliyefunga, hilo hapana, hata kwa hasira zile. Akatandika mkeka kando ya barabara, akafunua masufuria.

"Aliyefunga atakula," alisema kwa sauti ya kufika ndani. "Atoke nje."

Wanaume waliokuwa ukumbini wakaja langoni na tende zao, wakamwangalia mwenye ufunguo mpaka akafungua. Wakatoka mmoja mmoja, wakakaa mkekani na macho chini. Idarous peke yake alibaki ndani, ameshika kokwa ya tende.

Harufu ya mihogo ya nazi ikamshinda. "Bi Mize," akaita kutoka langoni, "na mimi nipitishie sahani."

Mize akajaza sahani, akaisogeza mpaka kizingitini, asiiachie.

"Kinachopita hapa hulipiwa pauni, Mzee. Sheria yako."