Maji ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, saa nne asubuhi, Fundi Saa alipiga magoti bafuni kwake akaanza kuzungusha tepu nyeupe kwenye meno ya bomba, pale linapoungwa. Alizungusha mara saba, akaona imekaa kinyume, akaifumua, akaanza upya. Mikono yake ilizoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na sasa ilishika elbo, kiungo cha chuma kilichopinda, kikubwa kama ngumi. Karatasi ya maelekezo aliiweka juu ya ndoo, ikalowa jasho lake. Picha ya tatu ilionyesha mtu anakaza koki huku anatabasamu. Fundi Saa hakuona cha kutabasamia.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Alhamisi mkewe angetoka hospitali na nyonga mpya, na daktari alikuwa amesema mawili tu: asiiname, asibebe. Sasa katika nyumba ile kuoga ni kuinamia ndoo, na ndoo hutoka bomba la uani, ngazi sitini na mbili. Binti yao mkubwa ni nesi, na ni mtu wa kusema jambo mara moja.

"Baba, Alhamisi namleta Mama. Nikikuta bomba la mvua, la kuogea mtu ameketi vizuri kwenye kiti, anapanda juu. Nikikuta ndoo, nageuza gari, anakuja kuishi kwangu. Na sitamrudisha."

"Utalikuta."

"Basi mwite Fundi Bomba wa chini akufungie."

"Mimi nafungua saa ya mkononi, naifunga bila kubakiza hata skrubu moja. Nitashindwa na bomba?"

"Watu hawaogi saa, Baba."

Neno lile, sitamrudisha, alitembea nalo kutwa. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kuishi peke yake, ukiacha wiki mbili hizi za hospitali. Na katika wiki mbili hizi alikuwa ameunguza sufuria nne na kuoga mara tatu.

Habari ya maji yenyewe haikumsumbua. Mwenye nyumba alikuwa amebandika tangazo mlango wa chini kwamba maji sasa yanapanda hadi ghorofa ya tatu. Fundi Saa alisoma mstari huo, akafurahi, akapanda zake bila kusoma wa pili. Ukutani mwa bafu palikuwa na bomba fupi ambalo wajenzi waliliacha likichungulia tangu jengo likiwa jipya. Hilo ndilo aliloliunganisha.

Alasiri alifungua koki, akasimama chini yake na nguo zake za kazi. Maji yakatoka. Yalitoka ya moto, ingawa hapakuwa na hita, na yalinukia moshi wa jiko la mafuta. Fundi Saa hakushughulika na hayo. Alitandika gazeti chini ya kiungo, akakaa juu ya ndoo dakika arobaini akisubiri tone. Tone halikuja. Akabadilisha gazeti, akasubiri tena.

Jumanne maji yalinukia sabuni ya manjano, ile ambayo haijaonekana madukani tangu binti yao alipoachishwa kunyonya. Jumatano yalitoka na chumvi. Hapo akaanza kukagua kila kiungo, maana chumvi hula chuma. Akameza kiburi chake, akashuka kumwita Fundi Bomba.

Fundi Bomba alipanda na spana begani, akakagua kiungo kwa kidole.

"Tepu umefunga vizuri, mzee mwenzangu. Nani kakufundisha?"

"Karatasi."

"Na hili bomba umeliunganisha na nini?"

"Na la ukutani."

"La ukutani limeunganishwa na nini?"

Fundi Saa aligonga ukuta kwa kidole.

"Tangazo hukulimaliza. Maji yamepanda upande wa barabarani. Upande wetu ni mwakani, wakitukumbuka. Bomba hili linaishia humu humu ukutani, halifiki urefu wa mkono. Nililiona siku walipopasua plasta." Akafungua koki. Halikutoka hata tone. "Si unaona?"

"Ngoja," alisema Fundi Saa, akapitisha mkono wake chini. Maji yakamwagika, ya moto, mengi. Akautoa, yakakatika.

Fundi Bomba aliweka wa kwake. Pakavu.

"Kumbe yanakujua wewe."

"Inaelekea."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mto wangu hauna chanzo, na humwagikia mtu mmoja tu."

Fundi Saa alifikiri. "Umenishinda. Chukua mji."

"Baki na mji wako, hata mimi sina jibu," alisema Fundi Bomba, akashuka na spana yake. Alikuwa na choo kinachomngoja ghorofa ya pili.

Siku ile nzima alijiuliza swali moja. Yakimjua yeye peke yake, je? Binti atanyoosha mkono, mkono utabaki mkavu, na gari litageuzwa. Alisugua vigae mpaka vidole vikachubuka. Alifunga chuma cha kushikilia, akakivuta, akakifunga tena. Kiti cha plastiki alikikalia mara kumi na mbili, upande huu na upande ule.

Alhamisi saa sita gari lilisimama chini. Binti alimwacha mama yake kwenye kiti cha mbele, akapanda peke yake, bado na sare ya kazini. Alitikisa chuma. Akakandamiza kiti kwa mikono miwili.

"Fungua, Baba."

"Fungua wewe," alisema Fundi Saa.

Binti alifungua, akakinga kiwiko, kama wapimavyo maji ya mtoto mchanga. Maji yakashuka, vuguvugu, hayaunguzi wala hayasisimui.

"Hita iko wapi?"

"Hakuna."

"Basi vizuri, moja pungufu la kuharibika." Na kwa kuwa alikuwa hajaoga tangu jana, akafunga mlango akaoga robo saa nzima. Alitoka anapumua kama mtu aliyebembelezwa. "Baba, umeweza. Namleta."

Mama alipanda ngazi sitini na mbili kwa nusu saa, akipumzika kila kona. Binti akatua begi chumbani, akambusu, akaondoka. Gari lilipokata kona ndipo Fundi Saa akaketi.

Mkewe alisimama mlangoni mwa bafu na gongo lake, akanusa.

"Usijali hiyo harufu ya mafuta," Fundi Saa alisema. "Ila jana yalikuwa na chumvi. Naogopa kutu."

"Si kutu. Chumvi niliitia mimi, ule mwaka ulipoumwa mgongo. Ndoo mbili kila jioni, miezi mitatu."

"Kumbe ni yale uliyokuwa ukiyapandisha."

"Ulidhani yalikwenda wapi?"

Fundi Saa alipiga hesabu haraka: miaka thelathini na mmoja, asubuhi na jioni. Kwa mara ya kwanza wiki ile akashusha pumzi. Hayo hayawezi kuisha leo wala kesho.

Akamsaidia kuketi, akasubiri nje. Alisikia koki. Alisikia maji yakianguka, muda wa mtu kusalimia na kuitikiwa, kisha kimya. Akaingia na spana mkononi. Mkewe alikuwa ameketi, bega moja limelowa, kwingine povu.

"Yamekatika?"

"Hayajakatika. Yangu ni haya."

"Mbona kidogo? Mbona ya baridi?"

"Mimi si nilikuwa naoga mwisho, baba? Mkishaoga wote, kile kilichobaki. Na siku nyingine hakibaki."

Fundi Saa alikinga kiganja. Kikajaa mara moja, cha moto. Akakisogeza mpaka begani kwa mkewe, akafungua vidole, hakukuwa na kitu. Akajaribu kwa kopo. Likajaa pomoni, na lilipofika kwa mkewe lilikuwa kavu kabisa. Akaitazama ndoo. Akazifikiria ngazi, na magoti yake.

"Kesho nitatafuta mtu wa kutuletea maji," alisema.

"Kesho," alisema mkewe, akaanza kujifuta povu kwa kitambaa, taratibu, mkono huu, kisha ule.

Simu ikalia. Alikuwa binti.

"Nimefika, Baba. Mama ameoga?"

Fundi Saa alimtazama mkewe. Mkewe aliendelea na shingo, hakuinua macho.

"Ameoga," alisema.

"Maji yapo ya kutosha?"

"Yapo. Tena ya moto."

Ijumaa asubuhi alimkuta mkewe ameshaamka, ameketi ukingoni mwa kitanda na taulo mapajani.

"Leo anza wewe," Fundi Saa alimwambia.

"Anza wewe, utachelewa dukani."

Fundi Saa alisimama pale mlangoni kidogo, taulo lake begani. Kisha akaingia, akafungua koki, na maji yakaja mengi.