Mjomba Amejiondoa

Dada mtu alimbeba jaji mgongoni tangu hajaota meno, kwa hiyo hakuona sababu ya kumwogopa eti sasa ana bendera mezani. Mkubwa wa nchi alikuwa ametoroka, wenye vyama wakashikana mashati, mwisho wakaona heri kiti apewe jaji asiye na chama mpaka uchaguzi ufanyike. Ndugu wengine walikuja kupongeza. Dada alikuja kumwombea mwanawe, aliyefungwa kwa kumpiga askari jiwe siku ya maandamano ya kumng'oa huyo aliyetoroka. Sasa kifua kilikuwa kinammaliza gerezani, anakohoa damu. Mwenye kiti kile anaweza kusamehe mfungwa yeyote. Ni kushika kalamu tu.

Jaji hakuuliza hata habari za nyumbani. Alisema hawezi kusikia upande mmoja, akaagiza yule askari aitwe. Dada akashangaa. Msamaha gani huo unaofanyiwa kesi upya? Lakini siku aliyoambiwa alirudi, akakaa kwenye kochi la ngozi bila kuegemea. Askari naye akaja, kovu juu ya jicho, akasema alishasamehe zamani. Waliorusha mawe walikuwa wengi, huyu alikamatwa kwa sababu hana mbio. Nusura dada acheke.

Jaji akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Shauri hili linanigusa," akasema. "Huyu ni mpwa wangu. Ninajiondoa."

Mahakamani alikozeekea ndivyo ilivyokuwa: jaji akiguswa na kesi, jalada linapelekwa kwa jaji wa chumba cha pili. Dada aliujua utaratibu huo, maana mdogo wake alijisifia nao kila wakila pamoja. Akageuka, akautazama mlango wa pembeni.

"Chumba cha pili yuko nani, mdogo wangu?"

Chumba cha pili kulikuwa na birika la chai na mlinzi anayesinzia. Jaji akasema atakayechaguliwa atalitazama jambo hilo, kwamba yeye akisaini leo watu watasema amependelea ndugu, na jina lake amelijenga miaka mingi.

"Mawe ya mwanangu ndiyo yaliyokupandisha hapo," dada akasema. "Kiti unakitaka, mrushaji humtaki. Haya, lilinde jina lako. Ukiugua likuuguze."

Akatoka. Gari alilopewa la kumrudisha alilipita kama halioni.

Kifua hakikungoja uchaguzi. Kijana alitolewa gerezani kwa machela, amefunikwa shuka mpaka usoni. Wiki hiyohiyo magazeti yalimsifu jaji: huyu ndiye kiongozi, hakupendelea hata damu yake.

Siku ya mazishi alifika na msururu wa magari. Watu wakampisha mpaka kaburini, naye akainama kuchukua koleo, kama mjomba. Dada akaukanyaga mpini.

"Mheshimiwa, rudi kazini," akasema, wala hakupaza sauti. "Hapa wanazika ndugu."

Jaji akainuka na vumbi vidoleni. Akatazama waombolezaji huku na huku, kama anayengoja upande wa pili useme neno. Wao walikuwa wanangoja aondoke ili waendelee kufukia.