Jina Lililofutwa Ili Liandikwe Upya

Uvumi ulitoka kwa Mama Redio, jirani yangu asiyejua kufunga mdomo: eti kompyuta ya hospitali inasahau majina ya zamani, usipojiandikisha tena unaachwa. Asubuhi niliupuuza. Kufikia mchana ulikuwa umenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Binti yangu alikuwa wa thelathini na moja kwenye orodha ya upasuaji wa masikio. Daktari mgeni angepasua watoto arobaini tu, kisha aondoke. Sikio la kushoto lilishakufa. La kulia ndilo tulilokuwa tunaliokoa.

Nikaenda hospitali, kwenye dirisha la kujiandikisha. Karani alikuwa anapaka kucha rangi.

"Mwandike tena binti yangu."

Akabonyeza. "Jina lipo, mama. Mashine haiandiki jina mara mbili."

"Hilo la zamani! Lifute, uandike jipya."

"Una uhakika?"

"Wewe ndiye umesoma, halafu unaniuliza mimi? Futa!"

Akafuta, akaandika, akarudi kwenye kidole chake cha mwisho.

Siku ya upasuaji wakaita arobaini. Sisi hatukuitwa. Binti yangu alikuwa wa mia mbili na sita.

Nilipopiga kelele wakamleta aliyeitengeneza hiyo orodha, bwana wa viatu vyeupe, anaongea kama anamfundisha kuku kusoma.

"Mama yangu, orodha inakumbuka nani alitangulia kuingia. Ukirudia jina, linabaki palepale. Ukilifuta, nafasi imekwenda nalo. Likirudi ni mgeni, linakaa mwisho."

"Na karani wako hukumwambia?"

"Inafanya kazi vizuri kabisa, mama."

Vizuri kabisa! Hata panya anakula mahindi yangu vizuri kabisa.

"Basi mrudishe alipokuwa."

"Haikumbuki waliotolewa."

Akaangalia saa yake, huyo akaenda zake.

Daktari ameshaondoka. Siku hizi nikimtaka binti yangu, namgusa bega.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kumwandikisha tena mtoto ambaye jina lake lipo. Hakuongezi kitu.

Kukubali jina lifutwe, hata kama limekosewa. Walirekebishe likiwa palepale.

Kuondoka dirishani bila kuonyeshwa namba yako.

Karani anayeuliza "una uhakika?" bila kukueleza kitakachotokea.

Kuona aibu kuuliza mara ya pili kwa sababu uliishia shule ya msingi.