Nyuzi Tatu za Dokta Terblanche

Refilwe Modisane alikuwa mlinzi wa mpira wa pete, tena mlinzi kweli, hadi nyonga ilipoanza kumuuma na Dokta Terblanche wa Pretoria akaitengeneza kwa kamera, kupitia matundu mawili madogo. Miezi minane baadaye alikuwa bado anachechemea. Kila akigeuka ghafla, nyonga ilitaka kumchomoka. Kocha alisema ni woga. Terblanche alisema vivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi.

Refilwe hakuwaamini. Ripoti ilidai kwamba mfuko unaoshika kiungo, uliokatwa ili kamera ipite, ulishonwa kwa nyuzi tatu. Lakini katika picha kumi na moja alizopewa, kukatwa kulionekana, kusagwa mfupa kulionekana, kushonwa hakukuonekana popote. Tena binamu yake, aliyepasuliwa na Terblanche huyohuyo, alikuwa na ripoti iliyofanana na yake neno kwa neno. Jina tu ndilo lililobadilishwa.

Akaenda kwa mpasuaji mwingine wa nyonga, Dokta Govender. Ukutani kulikuwa na picha ya mahafali: Govender anatabasamu, Terblanche amemshika bega.

"Mwalimu wako huyu?"

"Kanifundisha kila kitu. Nitaingia, nikikuta pamelegea nitapabana."

"Na usipokuta uzi, utaniambia?"

"Dada, tusitangulize lawama."

Lao moja hawa, aliwaza Refilwe.

"Basi nichome sindano ya mgongo tu, nisilale. Na hiyo skrini igeuzie kwangu."

Siku ya upasuaji hakuhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini macho aliyakodoa. Kamera iliingia. Mfuko ulikuwa umeachama, kingo zake laini, bila hata tundu la sindano. Govender akazungusha kamera mara mbili.

"Uzi uko wapi, dokta?"

"Hakuna."

"Ulikatika?"

"Haukuwekwa."

Refilwe akalia kwa furaha. Miezi minane ameitwa mwoga, kumbe si mwoga.

Govender akanyoosha mkono apewe sindano ya kushonea.

"Ngoja," Refilwe akasema. "Ripoti zenu si mnazisema kwenye kinasa sauti? Ya leo isemee hapahapa, nisikie."

Nesi akakileta kinasa, akakishika mbele ya barakoa ya daktari.

"Mfuko wa kiungo haukushonwa katika upasuaji wa kwanza."

"Uliofanywa na nani?"

Akalitaja jina la mwalimu wake. Ndipo nesi akampa sindano.